Mkoloni hakutuletea kusoma, alibadilisha maana ya msomi

KUNA sentensi moja ambayo husikika kila mwaka inapokaribia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Husemwa majukwaani, huandikwa katika vitabu vya mwongozo na hukaririwa na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kama dua. Sentensi yenyewe ni hii: wakoloni wa Uingereza walichangia ukuaji wa Kiswahili kwa kutuletea maandishi, shule na usanifishaji.

Mwanafunzi akitakiwa kufafanua, huorodhesha. Ludwig Krapf aliandika kamusi. Edward Steere aliandika kitabu cha sarufi. Kamati ya Lugha iliundwa 1930. Shule zilijengwa. Vitabu vikachapishwa. Hoja tano, alama kumi, anaweka kalamu chini.

Sina nia ya kukana kwamba mambo hayo yalitendeka. Yalitendeka, na baadhi yake yalitufaa. Ninachokipinga ni neno moja tu katika sentensi hiyo, nalo ni "kutuletea". Neno hilo linatufanya tuamini kwamba kabla ya 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, pwani yetu ilikuwa ikisema tu bila kuandika, ikichuuza bila kuweka hesabu na ikilea watoto bila kuwafunza. Si kweli. Na madhara ya dai hilo hayajaisha. Yamo darasani, yamo katika maktaba zetu, yamo hata katika namna tunavyoamua nani ni msomi na nani si msomi.

Tuanze na lugha yenyewe, kwa sababu lugha ni shahidi asiyejua kuficha alikotoka.

Chukua vifaa vya mwanafunzi: kalamu, karatasi, kitabu, daftari. Chukua shughuli zake: darasa, elimu, hesabu. Mtazame anayemfunza: mwalimu. Maneno haya yote yalituingilia kupitia Kiarabu, kabla ya himaya ya Waingereza kutangazwa. Hakuna hata moja lililotoka Kiingereza. Sasa tuulizane: ikiwa Mwingereza ndiye aliyeleta kusoma na kuandika, mbona alivikuta vifaa vyote vya kusomea na kuandikia vikiwa tayari vina majina?

Utaniambia, "Lakini Prof, kuna neno 'shule'." Naam, lipo. Ila hilo nalo halikutoka kwa Mwingereza. Asili yake ni Kijerumani, lugha ya waliotawala Tanganyika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Lililotoka Kiingereza ni "skuli", ambalo Wazanzibari wanalitumia hadi leo.

Kabla ya shule na skuli, palikuwa na chuo. Katika Kiswahili cha kale, chuo kilikuwa kitabu, na vyuo vilikuwa vitabu. Mtoto alipelekwa chuoni, yaani mahali pa kitabu, akajifunza kusoma Kurani na kuandika herufi. Aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Ukifika Mombasa leo utamsikia mama akisema mtoto wake "yuko chuoni", na hamaanishi chuo kikuu, maana mtoto mwenyewe ana miaka sita!

Hoja yangu ni kwamba neno jipya liliingia kwa sababu kitu kipya hakikuwa chuo. Chuo kilikuwapo. Mkoloni hakujenga mahali pa kusomea katika uwanja mtupu. Alijenga mahali pengine pa kusomea, kisha taratibu akafanya kile cha kwanza kisihesabiwe.

Ushahidi wa maandishi nao si haba. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, uliotungwa Pate, una tarehe ya 1728. Krapf alifika Mombasa 1844. Tofauti yake ni miaka 116. Mnamo 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wa kumuusia bintiye. Zingatia kwamba huyu ni mwanamke, mama, anayemwachia mwanawe wosia kwa maandishi, miaka 37 kabla ya kuwapo kwa himaya yoyote ya Waingereza huku kwetu. Je, ni jamii gani isiyojua kusoma ambayo mama yake mgonjwa humwandikia bintiye utendi?

Kazi zote hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mvita aliyefariki mnamo 1840. Vitabu vyetu husema kwamba mashairi yake yaliokolewa na mmishonari William Taylor, kisha yakachapishwa na William Hichens mjini Johannesburg mnamo 1940. Majina hayo mawili mwanafunzi anayajua. Jina asilolijua ni la Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, ambaye ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo na kuyanakili kwa mkono wake, kwa hati za Kiarabu, ndipo Taylor akawa na cha kuokoa. Taylor mwenyewe alikuwa mtu makini aliyekiheshimu Kimvita, simlaumu. Lakini tazama jinsi historia inavyosimuliwa: aliyeandika anaitwa "mtoa habari", aliyeandikiwa anaitwa mtaalamu.

Mageuzi haya ya maana ya usomi hayakufanyika darasani peke yake. Yalipitia sokoni, na yalipitia ardhini.

Sokoni, msamiati unatusimulia tena. Dalali, rehani, deni, faida, hasara na mkataba yalitoka Uarabuni. Duka, bima, hundi, laki, rupia na pesa yalitoka upande wa Bara Hindi. Hii ndiyo lugha ya wafanyabiashara waliokuwa wakiandikiana hundi baina ya Mombasa, Unguja, Maskati na Bombay. Mtu anayejua hundi si mtu wa kubadilishana mbuzi kwa chumvi tu, kama vitabu vingine vya historia vinavyotaka tuamini.

Kisha yakaja maneno ya awamu ya pili: benki, cheki, risiti, kampuni na leseni. Naomba ulitafakari hilo la mwisho. Faida na hasara ni mambo yanayompata mfanyabiashara. Leseni ni jambo analoombwa. Neno hilo peke yake linatueleza kwamba kuuza na kununua sasa kulihitaji ruhusa ya mtu aliyeketi ofisini.

Sarafu nayo ikabadilika. Rupia, iliyoifunga pwani yetu na biashara ya Bahari ya Hindi, iliondolewa mnamo 1920 na mahali pake pakawekwa florin. Mwaka uliofuata ikaja shilingi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyosimamia fedha hizo ilikuwa na makao yake London. Reli nayo, iliyoanza kujengwa Mombasa mnamo 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901, ilibeba mazao kutoka bara hadi bandarini. Bandari yenyewe ilihamia Kilindini penye maji ya kina na meli za moshi, nayo bandari ya kale, ya majahazi, ikabaki upande wa pili wa kisiwa ikizeeka polepole.

Kwa hiyo karani aliyejua kuandika barua kwa hati za Kiarabu na kupiga hesabu ya rupia hakupoteza akili yake mwaka huo. Alipoteza soko la akili yake. Jana alikuwa msomi, leo hakuna ofisi inayomhitaji.

Huko bara mambo yalichukua sura nyingine. Kodi ya nyumba ilianzishwa mnamo 1901, nayo ikamlazimu mtu kutafuta fedha, na fedha zilikuwa katika mashamba ya walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande: karatasi ya utambulisho ambayo kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa awe nayo, akaitia ndani ya kikebe cha chuma na kukining'iniza shingoni. Humo mliandikwa jina lake, alikofanya kazi na mshahara wake. Kwa wengi wa babu zetu wa bara, maandishi ya kwanza waliyoyabeba miilini mwao hayakuwa kitabu. Yalikuwa kipande. Waliandikwa kabla ya kufunzwa kuandika. Wasomaji wangu wa bara, ukiona mzee akiogopa karatasi ya serikali, usimcheke.

Na katika ardhi? Kiswahili kina neno "hati" lenye maana mbili. Hati ni mwandiko, na hati ni waraka rasmi, ndipo tukapata "hatimiliki". Mnamo 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hatimiliki za Ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila anayedai ardhi alitakiwa kuwasilisha madai yake, yakaguliwe, ndipo apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa ilichukuliwa kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Waliokuwa na karatasi za mauzo zilizoandikwa na kadhi angalau walikuwa na cha kuonyesha. Lakini Wamijikenda, ambao waliimiliki ardhi kwa mila na kwa makaburi ya wazee wao, wangeonyesha nini? Wengi waligeuka maskwota mahali walipozikwa babu zao. Tatizo la ardhi la pwani tunalolizungumzia kila uchaguzi lina mizizi yake katika swali hili la hati: ni maandishi ya nani yanayokubalika?

Ukiyaelewa hayo, utaelewa kwa nini elimu ya kikoloni haikuwa zawadi tu. Ilikuwa mlango wa pekee uliobaki baada ya milango mingine kufungwa.

Na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. J. Nelson Fraser, katika ripoti yake ya 1909, alipendekeza Waafrika wapewe mafunzo ya kazi za mikono. Idara ya Elimu ikaanzishwa 1911. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mnamo 1924 ilisisitiza elimu ya kuwafaa watu wa mashambani: kilimo, afya, ufundi. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa ajili ya kuwaandaa walimu wa aina hiyo. Wakati huohuo shule zilitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, Waarabu nao wakatafutiwa pa kuketi. Mswahili wa Mombasa, ambaye kwa karne nyingi hakuwahi kujiuliza kama yeye ni Mwarabu au Mwafrika, sasa alilazimika kuchagua, maana jibu lake ndilo lililoamua mwanawe angesoma wapi na yeye mwenyewe angelipa kodi gani.

Wazazi wengi wa pwani waliogopa shule za misheni, wakihofia kwamba mtoto angeingia Mwislamu akatoka Mkristo. Hofu hiyo haikuwa ya ujinga. Shule nyingi za mwanzo zilikuwa za misheni, na lengo la misheni halikuwa siri. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliliona tatizo hili mapema. Mnamo 1932 alianzisha mjini Mombasa gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili, akiwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa bila ya kuitupa yao. Yaani alitaka milango miwili iwe wazi kwa pamoja. Hiyo ndiyo hoja ambayo hatukuisikiliza wakati ule, na bado hatujaisikiliza vizuri.

Sasa tuje kwenye usanifishaji, mahali ambapo wanafunzi wangu huona kwamba nimeanza uchochezi.

Mnamo Juni 1928 ulifanyika mkutano Mombasa ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu katika shule za nchi zote nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Wajumbe wake wa kwanza walikuwa Wazungu. Hebu fikiria: lugha ya watu inawekewa kanuni katika kamati isiyo na hata mmoja wa wenye lugha. Uamuzi wa kukitupa Kimvita ukafanyika Mombasa kwenyewe, nyumbani kwa Muyaka!

Sitetei Kimvita kwa sababu ni bora kuliko Kiunguja. Hakuna lahaja iliyo bora kuliko nyingine. Kiunguja kilikuwa kimeenea kwa misafara ya biashara hadi Kongo, na uamuzi wowote ungeacha mtu nje. Ninachokikosoa ni jinsi uamuzi wa kiutawala ulivyogeuzwa kuwa hukumu ya thamani. Siku moja Kimvita kilikuwa lugha ya diwani. Siku iliyofuata kikawa "lahaja", na katika kinywa cha mwalimu fulani kikawa "Kiswahili kibovu".

Mtoto wa Mombasa anayesema "nti" badala ya "nchi", "mato" badala ya "macho", "ndia" badala ya "njia", hajakosea kitu. Anaongea kama malenga alivyoandika. Lakini msahihishaji ana kalamu nyekundu, naye msahihishaji hana habari na Muyaka. Matokeo yake ni kituko ambacho sijui kama kipo kwingineko: mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili anapitwa alama za Kiswahili na mtoto aliyejifunza lugha hiyo darasani. Kisha tunasema Waswahili hawajui Kiswahili, tunacheka. Si jambo la kuchekesha.

Hapa lazima niwajibu wenzangu wawili wanaopenda kunipinga.

Wa kwanza husema kwamba hati za Kirumi ni rahisi na zinakifaa Kiswahili zaidi. Ana hoja. Hati za Kiarabu katika hali yake ya asili zina alama tatu tu za irabu, hivyo "e" na "i" huchanganyika, "o" na "u" vilevile, na hakuna herufi ya "p" wala ya "ch". Hata hivyo, waandishi wa Kiswahili hawakukaa bure kusubiri msaada. Waliazima herufi zilizokwishaongezwa na Waajemi na watu wa Bara Hindi. Na tusisahau kwamba hati za Kirumi nazo zina upungufu wake. Mswahili wa Mombasa hutofautisha kwa pumzi "paa" wa porini na "paa" la nyumba. Maandishi yetu sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na hakuna anayesema kwa hivyo yafutwe.

Wa pili husema kwamba Waafrika wenyewe ndio waliokitaka Kiingereza, kwa hiyo tusimsingizie mkoloni. Huyu naye ana hoja nzito zaidi. Shule huru za Wagikuyu, zilizoshamiri baada ya mgogoro wa 1929 baina yao na misheni, zilikitaka Kiingereza kwa hamu. Wazazi wale hawakuwa vibaraka. Walikuwa wameuona mshahara wa anayejua Kiingereza na wa asiyekijua. Walitaka ufunguo wa mlango uleule. Lakini kumlaumu mtu kwa kuchagua mlango wa pekee ulioachwa wazi si haki. Na tukumbuke kwamba serikali hiyohiyo ya kikoloni, ilipoona Kiswahili kinawaunganisha Waafrika wa makabila mbalimbali, haikukipigania tena. Ripoti ya Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953-55 iliona kwamba kukifundisha Kiswahili kama lugha ya pili kwa watoto waliokwishaanza na lugha zao nyingine ni kupoteza muda na nguvu. Kufikia uhuru, Kiingereza kilikuwa kimeshaanza kuingia madarasa ya chini kabisa. Iliichukua Kenya hadi 1985, kwa mfumo wa 8-4-4, kukifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Yule tunayeambiwa alikikuza Kiswahili alikikuza alipokihitaji na akakiacha alipokihofia.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ametufundisha mengi juu ya jeraha la mtoto anayeadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama. Namheshimu sana. Lakini naona kwamba kielelezo chake, cha mtoto wa bara aliyetoka katika lugha ya simulizi akaingia katika lugha ya maandishi ya kigeni, hakitoshi kuielezea pwani. Mtoto wa Lamu hakutoka katika simulizi tupu kuingia maandishini. Alitoka katika maandishi akaingia katika maandishi mengine, na akaambiwa yale ya kwanza hayakuwa maandishi. Hili ni jeraha la aina yake, na wahakiki wetu wa fasihi ya baada ya ukoloni hawajalipa haki yake.

Jeraha hilo halijapona. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Lamu, aliwahi kunisimulia habari ya nyanya yake. Mwanamke yule alikuwa ana daftari lake mwenyewe. Humo alinakili tenzi, akaandika madeni ya biashara yake ya mikeka, akaweka tarehe za kuzaliwa za wajukuu wake wote. Kiswahili kitupu, kwa hati za Kiarabu. Siku moja walikwenda katika ofisi fulani ya umma kujaza fomu. Karani akamuuliza kama anajua kusoma. Bibi akajibu, "Najua." Karani akampa fomu ya Kiingereza. Bibi akaitazama, akairudisha. Karani akaandika kwamba hajui kusoma wala kuandika, akamsogezea kidau cha wino atie alama ya dole gumba.

"Mwalimu," mwanafunzi akaniambia, "yeye ndiye aliyenifunza mimi kuandika."

Sijapata mfano unaonionyesha wazi zaidi kazi iliyofanywa na ukoloni. Mwanamke huyu ni mjukuu wa kiusomi wa Mwana Kupona. Serikali iliyo huru, karani aliye Mkenya, wamemwandika mjinga. Hakuna Mwingereza chumbani humo. Hahitajiki tena.

Maandishi yenyewe nayo yako wapi? Mengi yamo katika maktaba ya SOAS mjini London na katika maktaba za Ujerumani. Mengine yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha kwa mradi uliofadhiliwa kupitia Maktaba ya Uingereza, jambo jema kabisa. Mengine yamo ndani ya makasha ya nyumba za watu, huko Pate, Siyu, Faza na Mombasa, yakiliwa na mchwa na chumvi ya bahari. Na kila mzee anayefariki, hupungua mtu mmoja wa kuyasoma.

Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu wa vyuo vikuu. Tuna idara za Kiswahili kote nchini. Tunatoa shahada za uzamifu katika fasihi ya Kiswahili. Lakini ni wangapi miongoni mwa wahitimu wetu wanaoweza kuufungua mswada wa karne ya 19 na kuusoma bila ya kusomewa? Msomi wa fasihi ya Kiingereza cha kale hujifunza maandishi ya kale. Msomi wetu husoma tafsiri ya herufi iliyofanywa na mtu mwingine, mara nyingi Mzungu, kisha hukosoa "matini asilia" ambayo hajawahi kuitia machoni. Haya ni mambo ya kutia aibu.

Ninapendekeza mambo matatu, na hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, kozi ya hati za Kiarabu za Kiswahili iwe ya lazima kwa kila anayesomea shahada ya pili katika fasihi ya Kiswahili. Muhula mmoja unatosha kumpa mtu msingi, na walimu wapo pwani, wengine wakiwa wanachuoni ambao hatujawahi kuwaalika katika kumbi zetu.

Pili, mwongozo wa wasahihishaji wa insha na fasihi utofautishe kosa na lahaja. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki kwa Kimvita, na mnamo 1974 diwani hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tukampa mshairi tuzo kwa lugha ileile ambayo mtoto wa jirani yake anakatiwa alama kwayo! Hatuwezi kuendelea hivyo.

Tatu, sentensi niliyoanza nayo ibadilishwe katika vitabu vyetu. Isiandikwe kwamba Waingereza walileta maandishi. Iandikwe kwamba walibadilisha maandishi, wakaupanua usomaji kwa wengine na kuufuta kwa wengine, kwa faida zao na, wakati mwingine, kwa faida yetu. Ni sentensi ndefu zaidi na ngumu kukariri. Mwanafunzi atalazimika kufikiri kabla ya kuijibu, jambo ambalo nadhani ndilo tulilomtuma afanye shuleni.

Makala haya nimeyaandika kwa hati za Kirumi, kwa Kiswahili sanifu, na kwa mantiki niliyofunzwa katika vyuo vilivyojengwa kwa mfano wa Kiingereza. Sioni haya, na siombi tuvitupe vitu hivyo. Mali iliyokwisha kuwa yako si lazima uirudishe kwa sababu ya aliyeileta. Ninachoomba ni kwamba tusiitumie mali mpya kufutia hesabu ya ile tuliyokuwa nayo.

Karani wa leo bado ana kidau cha wino mezani. Kabla ya kumsogezea bibi wa watu, amuulize swali moja la nyongeza: "Unasoma kwa hati gani?"